Niliangalia injini nikasahau sakafu: Alfa Romeo ya kihambani Kibosho

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kosa langu la kwanza limeanzia hapo hapo kwenye kazi. Ukishaendesha Land Cruiser miaka yote hiyo unajiona unajua magari. Unajua kweli, ila unajua Land Cruiser.

Ilikuwa mwezi wa nne 2022, mvua zinapiga, wageni hakuna, niko tu nyumbani Sakina naangalia dari. Dalali mmoja wa Moshi akanitumia picha tatu kwenye simu, zote za mbali, zimepigwa gizani ndani ya banda. Unaona pua ya gari yenye taa nne, juu imefunikwa majani makavu ya migomba. Chini ameandika, kaka kuna Benzi ya Kitaliano huku Kibosho, mzee alishafariki, familia wanataka hela ya haraka. Hilo neno haraka lilitakiwa linishtue, halikunishtua. Nikacheka tu hiyo Benzi ya Kitaliano nikakuza picha, nikaona nembo ya msalaba na nyoka. Alfa Romeo.

Usiku ule sikulala, nilisoma mpaka bando likaisha. Kumbe hii aina inaitwa GTV, yaani Gran Turismo Veloce, gari ya safari ndefu na ya kasi, viti viwili vya maana mbele na viwili vya kutesea watoto nyuma. Nikajisemea turismo si ndo kazi yangu, hii gari ni ya fani. Umbo lake alilichora Giorgetto Giugiaro akiwa bado kijana kabisa pale Bertone, kampuni ya Kitaliano ya kuchora bodi za magari, ya kwanza ikatoka 1963, na ni huyo huyo baadaye akachora Golf ya kwanza na Fiat Uno. Afu nikafanya kosa ambalo naona karibu kila mtu analifanya, nikaangalia bei za Ulaya. Zilizokaa sawa zinauzwa euro elfu hamsini na kitu. Nikapiga mara shilingi, ikaja zaidi ya milioni 120. Dalali anataka 12. Aisee, usiku ule nilishajenga nyumba ya ghorofa Njiro kichwani.

Ile bei ni ya gari iliyokwisha, sio ya gari iliyoko bandani. Kati ya hizo mbili kuna shimo, na shimo lenyewe ndo linameza hela yote. Hilo nimelijua baadaye.

Kesho yake nikapanda Coaster mpaka Moshi, dalali akanipokea na bodaboda tukapanda Kibosho. Kihamba kizuri, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, kahawa chini ya migomba, mfereji unapita pembeni, na banda lenyewe limegusana ukuta na zizi la ng'ombe. Nikamsalimia mama mwenye nyumba, shikamoo mama, akanipokea vizuri sana, akaleta ndizi. Mwanae wa mwisho, kijana wa kama miaka thelathini, ndo alikuwa msemaji. Baba yao aliinunua miaka ya sabini kwa mzungu aliyekuwa anaondoka nchini, akaitembelea mpaka ile miaka ya themanini ambayo hata tairi ulikuwa huipati, akaisukuma bandani akasema nitaitoa mambo yakikaa sawa. Hayakukaa.

Dalali alikuwa anaiita ya 2000, ile GTV ya injini kubwa zaidi, ndo ya bei kaka. Hapo angalau usiku wangu wa kusoma ulinisaidia. Ya 2000 mita zake zimekusanywa zote sehemu moja mbele ya dereva. Hii ilikuwa na mita mbili kubwa zimetokeza kama macho ya bundi, na vimishale vya mafuta na joto vimeshushwa chini karibu na gia, hiyo ni 1750. Nikafuta vumbi kwenye bloku ya injini nikasoma namba, inaanza na 00548, ya 1750 kweli, ya 2000 ingeanza na 00512. Kwa hiyo injini ni ya kwake, sentimita za ujazo 1779, kamshafti mbili juu, kabureta mbili zenye midomo miwili miwili, gia tano, breki za disku miguu yote minne. Hebu fikiria, gari ya miaka ya sitini hiyo. Nikamwambia dalali sio 2000, bei ikashuka mpaka nane pale pale. Nikajiona mjanja sana.

Nilikaa kwenye ile injini dakika arobaini. Nikachomoa dipstiki nikanusa oili, nikafungua rejeta, nikahesabu vitu vilivyopo na visivyopo. Chini ya gari sikuangalia. Na sababu naisema ingawa ni aibu, nilikuwa nimevaa raba nyeupe mpya na sakafu ya lile banda ilikuwa tope lililochanganyika na mikojo ya ng'ombe. Nikachungulia kwa kuinama tu, nikaona nyeusi, nikasema sawa. Ukienda kuangalia gari ya zamani vaa nguo unayofulia, na beba gunia la kulalia.

Kiti cha nyuma alikuwa amelala kuku. Nilipofungua mlango alinitazama kwa dharau akavimbisha manyoya, yuko juu ya mayai. Nikamwambia kijana, kesho nakuja na bredauni kuichukua. Mama akasikia kutoka jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Hapana baba, huyo kuku ana mayai kumi na moja na bado siku tisa. Gari haiendi popote mpaka atotoe." Nikadhani utani. Haukuwa utani.

Basi ili nisipoteze mzigo nikamrushia yule kijana milioni moja na nusu ya advansi kwa simu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi zaidi ya dalali ambaye na yeye alikula laki tatu yake. Nikarudi Arusha naimba.

Siku ya sita simu ikaita, namba ngeni, sauti ya mwanamke mwenye heshima zake, mwalimu. Akanisalimia vizuri, akaniuliza, mdogo wangu ni wewe unayenunua gari ya baba? Nikasema ndiyo dada. Akasema sisi tuko watano, mimi ndo wa kwanza, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa. Nilikaa chini. Mirathi haijafunguliwa tangu mzee afariki, kadi ya gari ina jina la marehemu, kijana ameuza kitu ambacho sio chake, na hela yangu alishanunulia pikipiki. Kama sio yule kuku ningekuwa nimeshalipa yote nane na gari iko Arusha, na ningeitwa mwizi.

Tukakutana Jumapili baada ya misa, familia nzima, chini ya mparachichi. Waliongea Kikibosho nusu saa nzima mimi naangalia ardhi. Mwisho mama akaamua, huyu mtoto alikuja kwa heshima, auziwe. Ila milioni moja na nusu ile wakanihesabia nusu tu, nusu nyingine nimdai mdogo wao. Sijaidai mpaka leo, pikipiki yenyewe alishagonga mti nayo. Tukaandikishana, wote watano wakasaini, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, nikamaliza hela.

Hapo napo niliamini nimemaliza, kumbe saini za watoto watano hazitoshi. Mwenye uwezo wa kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wakili nilimpata baada ya kulipa badala ya kabla, laki mbili, akaniambia umebahatika hawa ni watu waungwana. Dada akaenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, tangazo likabandikwa, wakasubiri kama kuna mwenye pingamizi, akateuliwa, ndo tukasaini upya. Miezi minne. Kuna watu walinitisha kwamba nitadaiwa road license ya miaka thelathini na kitu, nikakosa usingizi bure, hiyo ada ya mwaka ilishafutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Kinachonisumbua hadi sasa ni usajili wenyewe, kwa sababu namba zake ni za mfumo wa zamani kabla ya hizi za kuanzia na T, na gari haijawahi kuhamishwa. Kama unaona gari ya marehemu, swali la kwanza sio inawaka? Swali la kwanza ni msimamizi wa mirathi ni nani, na yuko wapi nimuone.

Kuku alitotoa tisa. Mama akanipa kajogoo kamoja nikalelee Arusha.

Siku ya kuitoa ndo nilikutana na ukweli. Magurudumu yote yamekamata, breki zimeshikana na disku, haivutiki. Kijana wa bredauni akasema tuinyanyue upande tuweke vigurudumu. Kaweka jeki chini ya kizingiti cha mlango, pale pale penye sehemu ya jeki, akaanza kupampu. Jeki ikapanda, gari haikupanda. Tukasikia mlio kama mtu anatafuna bisi, chips za kutu zikamwagika chini nyekundu kama pilipili ya kusaga, jeki imezama ndani ya gari mpaka shingoni na tairi bado iko chini imetulia. Hakuna aliyeongea. Yule kijana akaniangalia akasema, bosi hii umeshalipa?

Land Cruiser ina chesisi, lile fremu nene chini, bodi imekalishwa juu yake kwa bolti. Bodi ikioza unaendelea na safari, unaweka bati. Hizi Alfa hazina kitu hicho. Bodi yenyewe ndo chesisi. Kile kizingiti unachokanyagia ukiingia ndo boriti inayoshikilia gari isikunjike katikati, na kimetengenezwa kwa bati tatu, ya ndani, ya katikati na ya nje. Ya nje ikipakwa puti, ile ya kuzibia mashimo, na rangi inaonekana mpya kabisa na nyuma yake hakuna kitu, upepo tu. Gari za enzi zile hazikuwa na kinga ya kutu ya maana, na hii imekaa karibu miaka arobaini inavuta unyevu wa Kibosho na hewa ya zizi.

Siku hizi nikienda kuangalia gari na rafiki, injini naiacha mwisho kabisa, injini hutengenezwa. Nabeba sumaku ndogo ya friji, naipitisha kwenye kizingiti, matao ya magurudumu, chini ya kioo cha mbele, isiposhika ujue ni puti. Nabeba bisibisi, nagonga na mpini, bati zima linalia kwa sauti ya juu, lililooza linajibu kama boksi. Nanyanyua kapeti, nainua tairi la spea nione shimo lake. Afu mmiliki akiruhusu nainyanyua upande mmoja na kufungua mlango, mlango ukigoma kurudi ujue mgongo umevunjika. Dakika kumi hizo. Mimi zilinigharimu milioni nyingi.

Kosa lililofuata ni la ubahili. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtaani, mzuri sana, ila mzuri kwa mageti. Laki nne na nusu, wiki moja. Akakata vizingiti vyote viwili kwa siku moja, gari imekaa juu ya matofali mbele na nyuma, katikati hakuna kitu kinachoshikilia, milango alishaitoa. Afu akachomelea na mashine ya fimbo zile za geti kwenye bati ambalo halifiki hata milimita moja, kila akigusa linatoboka, akiziba anatoboa pembeni. Akaweka bati nene. Tuliporudisha milango, wa kulia haufungi, juu unagusa na chini una nafasi ya kupitisha kidole gumba. Gari ilikuwa imejikunja kama ndizi. Simlaumu sana, mimi ndo nilimpa kazi ambayo sio yake.

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja Unga Limited. Huyu ujanani alitengeneza malori ya Fiat, yale yaliyokuwa yanapiga njia ya Zambia kabla ya reli, kwa hiyo Waitaliano anawajua kwa spana. Akaizunguka gari kimya, akaingiza kidole kwenye ule mwanya wa mlango akasema, "Kijana, hapa umekata mguu wa mtu akiwa amesimama." Akabomoa kazi yote. Akachomelea vyuma vya msalaba kwenye nafasi za milango kwanza, akapima kwa kamba kona kwa kona mpaka zikalingana, afu akakata upande mmoja tu, akaumaliza, ndo akahamia wa pili. Kwa MIG, mashine ya kuchomelea kwa waya, nukta nukta, anaacha bati lipoe. Kila kizingiti tabaka zote tatu. Ilichukua wiki saba na milioni 2.8, na mlango sasa ukiusukuma na kidole unafunga klik.

Bati zenyewe nilishtuka kwamba zinapatikana. Nilidhani gari ya miaka hiyo spea zimekufa, kumbe Ulaya kuna watu kazi yao ni kuchonga vipande vya hizi Alfa tu, vizingiti, sakafu, raba za vioo, mpaka vibanio. Kusafirisha ndo kuna maumivu, sakafu mbili na vizingiti mpaka zinanifikia milioni 4.2 pamoja na ushuru na VAT. Vitu vidogo nilitumia ujanja wa kazi yangu, kuna mgeni Mtaliano nilimpeleka Serengeti 2019, nikamwandikia, alivyorudi na mkewe nusu ya sanduku ilikuwa gasketi. Alipoiona ile gari alinyamaza muda, afu akaanza kuniambia habari za mjomba wake, sikuelewa nusu.

Injini sasa. Kabla ya mzee, kuna dogo alikuja kunisaidia nyumbani, tukaweka betri mpya na petroli safi tukapiga stata. Usifanye hivyo. Gari iliyolala miaka yote hiyo toa plagi kwanza, mimina hidroliki ya gia boksi ya otomatiki kidogo kila silinda, acha siku kadhaa, afu zungusha kwa mkono na spana polepole ukihisi. Sisi tulipiga stata, ikazunguka mara mbili, ikalia tak, ikagoma. Vavu moja ya ekzosi ilikuwa imeganda wazi, pistoni ikaipiga ikapinda. Na klachi pleti ilikuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu, hiyo ni kawaida kwa hizi zikikaa. Hedi ikashuka, vavu zikabadilishwa zote, gasketi, klachi, milioni 1.9.

Siku hedi inashuka, yule dogo akaokota zile vavu za zamani akafurahi, akasema hizi nachonga tindo. Unajua mafundi wetu, vavu ya zamani haitupwi, inakatwa, inachomwa mpaka iwe nyekundu, inagongwa, inazamishwa kwenye ndoo ya maji iwe ngumu. Mzee akamdaka mkono. Vavu za ekzosi za hizi injini zina uwazi ndani na humo wameweka sodiamu, ili ivute joto kutoka kwenye kichwa iliteremshe shinani. Sodiamu ikikutana na maji inalipuka. Yaani huyu mtoto alikuwa anaenda kuikata, kuichoma, na kuitumbukiza kwenye ndoo akiwa ameinamia. Mzee aliziweka kwenye kopo kavu akalifunga, liko juu kabisa ya rafu, limeandikwa kwa chaki USIGUSE.

Mke wangu amekuwa mvumilivu kuliko nilivyostahili. Kuna mwezi ada ya shule ilichelewa, tuligombana, na alikuwa na haki, sikuwa na cha kujitetea. Tangu hapo kuna kopo la gari na kopo la nyumba, na la gari linakula tipu tu, mshahara haliugusi. Jumla mpaka leo niko karibu milioni 19 na rangi bado.

Iliwaka mwezi wa tisa mwaka jana. Moshi mwingi mwanzoni, afu ikatulia, na ule mlio sijui niuelezeje, mtaa mzima ulitoka. Nikampigia mama Kibosho nikaweka simu karibu na ekzosi. Akasema, "Ndo yenyewe, baba yao alikuwa akifika darajani tu mi naweka chakula mezani." Afu akaniuliza jogoo anaendeleaje.

Sasa hivi kinachonikwamisha ni breki. Kwa hizi za usukani wa kulia masta silinda wameiweka chini ya sakafu, inakula tope na maji kila siku, ya kwangu ilikuwa imeoza mpaka haina umbo, nyingine iko njiani. Kwa hiyo inatembea uani tu, mbele mita kumi, nyuma mita kumi.

Juzi yule dalali kanipigia tena. Kaka kuna Fiat ya milango miwili huku Machame, ya zamani, safi, mwenyewe yuko hai na kadi anayo mkononi. Nikamuuliza sakafu ikoje? Akasema, sakafu saruji kaka, banda zuri kabisa.

Jumamosi naenda. Nabeba bisibisi na gunia.